Namba Kumi Mpya na Magoti Yake Mawili

Jumatatu, 10 Juni 1996

Siku kubwa! Nimemtangaza namba kumi mpya.

Kwa yeyote atakayesoma haya baada ya kifo changu: mimi ni Barnabas Bichage, mzaliwa wa Kehancha, mkufunzi wa Kilimo katika chuo cha ualimu hapa Migori na kocha wa timu ya mpira. Onyancha, aliyetuchezea namba kumi miaka miwili, alihitimu akapelekwa kufundisha Kegonga. Tangu aondoke, chuo kizima kimekuwa kama nyumba yenye msiba. Wapishi bado wanamtaja wakisonga ugali.

Mrithi wake ni Levis. Mwaka wa pili, kijana wa Sori kando ya ziwa, mrefu, mpole, hasemi mpaka aulizwe mara mbili. Ana pasi nzuri. Hayo tu ndiyo niliyokusudia kusema leo kwenye gwaride la chuo asubuhi: ana pasi nzuri, tumpe muda, tarehe ishirini na mbili tunakwenda kucheza Homa Bay.

Lakini watu walinyamaza mno. Nyakundi wa Hisabati alipiga miayo waziwazi, mbele ya wanafunzi. Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba Levis ni Onyancha mara mbili. Ilikuwa sauti yangu. Makofi! Vigelegele! Nikaongeza kwamba Homa Bay tutawafunga matano. Sijui hayo matano yalitoka wapi.

Levis aliangalia viatu vyake muda wote. Unyenyekevu ulioje.

Jumanne, 11 Juni

Mambo yamepamba moto. Kwaya imetunga wimbo wa Levis, beti nane. Mpishi mkuu alimpa vipande vinne vya nyama, akaweza kimoja. Hemed, mwenye duka la nguo karibu na stendi, ametundika jezi mlangoni na kibao kwamba ndiyo anayovaa Levis wa chuoni. Levis hajacheza hata dakika moja.

Jioni, mazoezini, watazamaji karibu mia tatu. Pasi yake ya kwanza ilitoka nje. Ya pili ilimpiga tumboni Nyakundi, ambaye alidai amekuja kupima kasi ya wachezaji kwa saa yake. Hiyo mimi niliifurahia, lakini watu waliguna.

Madam Rael, mkuu wa chuo, akaniita ofisini. Alisema mwaka jana tulifungwa na Homa Bay na tukavumilia, ila kufungwa baada ya kuahidi matano ni aibu ya aina nyingine. Nipunguze matarajio ya watu, na nianze sasa. Mechi ikigeuka kichekesho, timu itapewa Nyakundi.

"Taratibu, Bwana Bichage," akasema. "Na kwa akili."

Akili! Hiyo ninayo.

Jumatano, 12 Juni

Nimelala na wazo, nimeamka nalo. Goti!

Mchezaji mwenye goti bovu hatarajiwi chochote. Akifungwa, ni goti. Akishinda, ni shujaa. Nashangaa makocha wengine hawajaligundua jambo hili.

Sikutaka kutangaza. Nilikwenda kwa Metrine, karani wetu, nikafunga mlango, nikamwambia kwa siri kubwa kwamba goti la Levis halijakaa sawa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Aliapa kwa jina la mama yake. Nilipofika chumba cha walimu, hatua arobaini hivi kutoka pale, Bonareri wa Muziki alikuwa ameshaanza kusikitika.

Kufikia chakula cha mchana goti lilikuwa limeteguka. Saa kumi lilikuwa limepasuliwa zamani, kisirisiri, huko Kisumu. Wakati wa chai ya jioni nilisikia wapishi wakisema mguu utakatwa.

Labda limepita kiasi kidogo. Lakini matarajio yameshuka! Kwaya imeacha wimbo.

Alhamisi, 13 Juni

Levis alikuja ofisini kwangu. Alikanusha habari za goti kwa kila mtu, na kadiri alivyokanusha ndivyo walivyomsifu kwa ujasiri. Mchana ushirika wa Wakristo walimzunguka wakamwombea. Alisimama katikati dakika ishirini na sahani ya maharage mkononi.

Nilimwambia yote haya ni kwa faida yake. Akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia.

"Mwalimu, Jumatatu nilikuwa malaika. Jumatano nimekuwa kiwete. Kuna siku nitakuwa Levis tu?"

Nilimjibu kwamba mambo haya ya uongozi ni mapana, ataelewa akishaanza kazi. Akaondoka. Nikabaki nikiangalia picha ya ng'ombe wa maziwa ukutani. Sikupata nafuu upesi.

Ijumaa, 14 Juni

Balaa.

Wachuuzi wa samaki walibeba habari kutoka soko la Migori hadi Sori. Saa tatu asubuhi mama yake Levis akaingia getini na mbuta mkavu, yule samaki mkubwa wa ziwani, kwenye gazeti, chupa ya dawa ya mitishamba, na kilio kilichosimamisha masomo madarasa manne. Alikuwa ameambiwa mguu umeshakatwa. Alipomwona mwanawe amesimama kwa miguu miwili, alimkumbatia, halafu akampiga kofi kwa kutompelekea habari.

Kisha akanigeukia. Aliniita japuonj, yaani mwalimu, kwa heshima iliyoniogopesha. Akauliza: goti gani?

Sikuwa nimeamua.

Mimi nilisema la kushoto. Metrine, saa ileile, akasema la kulia. Nyakundi, aliyekuwa akipita na vitabu vyake (alipita mara tatu), akasema kwa sauti kwamba hesabu hiyo haijakubali. Mama akamaliza ubishi: aliyapaka dawa magoti yote mawili, akayafunga bendeji kwa nguvu za mtu aliyevuta nyavu tangu utotoni. Akamwapisha mwanawe asifungue kwa siku nne.

Kabla ya kwenda aliniita kando, karibu na tangi la maji. Sasa hakuwa analia.

"Japuonj, mimi niko na huyu mmoja peke yake," akasema. "Leo unasema yeye ni wawili, kesho unasema yeye ni nusu. Niachie yeye mmoja vile nilileta."

Nilimwahidi. Akanipa nusu ya mbuta. Nilimla bila hamu, ingawa nilimmaliza.

Jumatatu, 17 Juni

Levis anachechemea! Bendeji za mama yake hazimruhusu kukunja mguu. Anakimbia kama korongo. Uongo wangu umekuwa kweli, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Nilimwomba azifungue. Akasema ameapa, siku ya nne ni kesho. Tukangoja.

Nyakundi kaenda kwa Madam Rael na karatasi yenye mistari. Eti amepiga hesabu, na Byron anafaa zaidi namba kumi. Byron ni winga wetu: mbio nyingi, kelele nyingi, na ana gita. Ni hodari wa kufunga lakini hajawahi kumpa mtu mpira kwa hiari yake. Madam hakusema ndiyo wala hapana. Alisema anasubiri Homa Bay.

Jumatano, 19 Juni

Bendeji zimefunguliwa. Magoti mazima, yananukia majani. Levis alicheza leo uwanja ukiwa mtupu, maana watu wameshamkatia tamaa, na nakiri nilisahau filimbi mdomoni. Pasi fupi, pasi ndefu, hana haraka, hana madaha. Si Onyancha. Onyancha alikuwa akipiga chenga watu watatu halafu anatafuta wa nne. Huyu anaachia mpira mapema, na mwenzake anajikuta peke yake na kipa hajui amefikaje pale.

Mtu mwenye busara angemwacha hivyo hivyo. Nilikuwa karibu kabisa kuwa mtu huyo. Lakini Homa Bay wamesikia nini? Habari zinavuka. Lazima wamesikia za Onyancha mara mbili. Watamwekea watu wawili wa kumkaba!

Nimepata mpango. Huu ni wa mwisho na ndio bora.

Ijumaa, 21 Juni

Mpango: Byron avae jezi namba kumi. Levis avae namba tatu, ya beki, lakini acheze mahali pake pa kawaida. Homa Bay watamkaba Byron. Levis atabaki huru kama mbuzi aliyekata kamba.

Niliwaeleza wachezaji chini ya kiapo. Byron alifurahi kupita kiasi, akaomba apigwe picha. Levis aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia aniamini. Hakujibu, na nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Jumamosi, 22 Juni

Homa Bay. Tulifika kwa lori la chuo, timu na kwaya, saa sita, vumbi hadi kwenye nyusi. Uwanja uko karibu na ziwa, upepo unavuma golini. Madam Rael aliketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini. Nyakundi pembeni yake, na saa yake.

Nusu ya kwanza. Homa Bay walimkaba Byron watu wawili, mara nyingine watatu. Barabara! Nilisugua mikono. Halafu nikaona kosa.

Wachezaji wetu wamezoea miaka yote kuinua macho, kutafuta jezi namba kumi, na kuipa mpira. Walikuwa wameelewa mpango. Walikuwa wameapa. Lakini macho yao hayakuapa. Kila mpira kwa Byron! Byron chini. Mpira mwingine kwa Byron! Byron chini tena, safari hii anamwita mama yake. Levis alisimama katikati ya uwanja, huru kabisa, mkono juu, hakuna mtu wa Homa Bay karibu yake wala mtu wetu. Upepo ulikuwa unapepea jezi yake.

Dakika ya ishirini, bao. Dakika ya thelathini na nane, la pili. Mashabiki wa Homa Bay walianza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, wakauliza yale matano yako wapi. Kumbe walisikia! Nyakundi alimwinamia Madam Rael, akamwambia jambo. Madam akafungua mkoba, akafunga.

Mapumziko. Nilianza hotuba. Nilikuwa na mpango mwingine, wa kubadilisha jezi sita. Levis akainuka. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, naomba jezi yangu."

Nikaanza kueleza.

"Naomba pia usiseme kitu. Tafadhali."

Wote walinitazama. Byron, mwenye tope hadi masikioni, alikuwa ameshaivua jezi, anaitoa kama mtu anayerudisha nyoka. Refa nilimweleza habari ya kubadilisha namba. Alinitazama kwa huruma, akaandika.

Nilikaa. Nilifunga mdomo dakika arobaini na tano. Sijawahi kufanya kazi ngumu hivyo, hata shambani kwa baba nikilima tumbaku.

Ni kweli walimkaba Levis watu wawili. Yeye aliupokea mpira akauachia kabla hawajafika. Walipomfuata wawili, Byron akabaki bila mtu. Dakika ya sitini na moja, pasi ndefu, kimya kama barua: Byron, bao! Dakika ya themanini, nyingine, fupi, kati ya miguu ya mabeki: Byron tena! Mbili kwa mbili. Mashabiki wa Homa Bay wenyewe walipiga makofi, na mzee mmoja aliuliza huyo mrefu ni wa nani. Levis alikuwa amekaa chini akifunga kamba za viatu.

Kwenye lori kwaya iliimba. Haikuwa na wimbo wa Levis tena, kwa hiyo iliimba tu. Yeye alikaa kwenye gurudumu la akiba, akila muwa, akicheka na wenzake. Ni mara ya kwanza nimeona meno yake.

Jumatatu, 24 Juni

Madam Rael aliniita. Nilivaa tai. Alisema sare ya ugenini, na hakuna aliyetarajia chochote: kazi nzuri. Nilitaka kueleza kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo, lakini aliinua kidole. Akasema amezungumza na Levis. Kijana hana malalamiko. Hataki kocha mwingine. Nyakundi, alisema, angemchosha na hesabu. Ana ombi moja tu: kocha asimzungumzie.

Kulikuwa na karatasi imeshachapwa. Mimi, Barnabas Bichage, nakubali kutosema neno lolote kuhusu mchezaji yeyote kwenye gwaride, ofisini, mezani wala njiani, hadi mwisho wa mwaka. Nilitia sahihi. Metrine akapiga muhuri kwa nguvu isiyo ya lazima.

Jioni nilimtafuta Levis nikampa mkono. Nilimwambia nimejifunza. Akasema asante, mwalimu, na akaonekana kuamini. Nilijisikia mwepesi. Nadhani mtu anaweza kubadilika akiwa na umri wowote.

Jumapili, 30 Juni

Nimeisoma ile karatasi tena, kwa utulivu. Inasema kutosema. Kuhusu rangi iko kimya.

Wote walikwenda kanisani. Nilichukua ngazi ya fundi na debe la rangi nyekundu, nikapanda kwenye tangi la maji. Ndicho kitu kirefu kuliko vyote chuoni. Mtu anakiona tangu barabara kuu. Herufi zangu zina urefu wa mkono mzima: LEVIS ATATULETEA KOMBE LA MKOA 1997. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Nafasi ikabaki. Nikaongeza: NA LA TAIFA.

Kanisa limetoka. Naandika haya nikiwa huku juu, na wote wamesimama chini wakisoma. Mtu asiposema neno, ujumbe hufika zaidi! Madam Rael amevua miwani. Nyakundi anatabasamu, jambo zuri, tunaanza kuelewana. Levis amesoma polepole mpaka mwisho, akarudia mstari wa mwisho, halafu akakaa kwenye nyasi na kukishika kichwa kwa mikono miwili.

Ameguswa. Sijawahi kuona kijana ameguswa namna hii.