Idara ya Mtumiaji wa Mwisho

Kwa niaba ya Idara ya Mtumiaji wa Mwisho, iliyoko Bishkek, mji mkuu wetu, ninayo heshima kubwa kuutangazia ulimwengu kwamba tangu idara yetu ianzishwe, hakuna bidhaa hata moja ya hatari iliyovuka mpaka wa nchi hii bila muhuri wetu. Zilizovuka zote zilikuwa na muhuri.

Watu wasiojua kazi ya serikali hudhani vikwazo vya kiuchumi ni mataifa makubwa kununiana. Kununa wananuna wao, sawa, lakini jasho linatutoka sisi. Wao wanaamua kitu fulani kisimfikie fulani. Sisi tulio katikati ndio tunaomkamata kila msafirishaji na kumuuliza: hiki kitu kitaishia mikononi mwa nani? Huyo ndiye mtumiaji wa mwisho. Msafirishaji akijibu vizuri, anagongewa muhuri. Akijibu vibaya, anarudi nyumbani kujifunza kujibu.

Mimi ni Naibu Mkurugenzi, Myktybek. Mkurugenzi wangu alikuwa Sadyrbek Kemelovich, mtu mkubwa kwa cheo na kwa tumbo. Yeye ndiye aliyeipa idara kanuni yake kuu: kinachozunguka ni cha kuogopwa. Aliitoa kwenye semina ya nje, alikoambiwa kwamba zipo mashine zinazozunguka kwa kasi na kusafisha madini ya bomu. Alirudi hajalala. Tangu hapo tukazuia feni, cherehani, baiskeli za watoto, na kwa muda mfupi wa msisimko hata saa za ukutani.

Mashine za kufulia peke yake ziliruhusiwa. Mfanyabiashara mmoja, Chynybai, alikuja kumweleza Mkurugenzi kuhusu usafi wa mwili na wa roho, wakafungiana ofisini, na walipotoka Mkurugenzi alikuwa na machozi machoni. Kuanzia siku ile malori ya Chynybai yakawa yanaelekea kaskazini usiku na mchana, yamejaa mashine za kufulia. Kwa makadirio yetu, watu wa huko sasa wana mashine nyingi kuliko nguo. Tuliliona hilo kuwa jambo la kupongezwa.

Basi, mwanzoni mwa kiangazi akaja Anarkul eje. Eje ni dada mkubwa, ndivyo tunavyomwita kila mwanamke aliyetuzidi umri, hata yule tunayetaka aondoke. Alibeba mashine ya kutenga malai na maziwa: bakuli juu, mpini ubavuni, mirija miwili mbele. Akaitua juu ya meza yangu, puu!

"Naipeleka Murghab, ng'ambo ya mpaka," akasema. "Kwa binti yangu Aizirek. Ana yaki, ng'ombe wetu wa manyoya wa milimani, wanakamuliwa sasa hivi. Nataka kibali."

Sadyrbek Kemelovich akaizunguka ile mashine polepole, mikono nyuma. Kisha akaushika mpini kwa vidole viwili, akausukuma kidogo. Ndani kikalia chuma. Akaruka nyuma.

"Inazunguka!"

"Sasa isipozunguka malai yatatokaje, mwanangu?"

"Kasi yake?"

"Inategemea anayezungusha amekula nini."

"Andika, Myktybek," Mkurugenzi akaniambia. "Kasi haijulikani. Mwendeshaji hutumia chakula." Akamgeukia mama. "Na unaweza kuithibitishia Idara kwamba hakitatiwa ndani yake kitu kingine zaidi ya maziwa?"

"Kama nini?"

"Hilo ni siri ya serikali."

Anarkul eje akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona hatucheki, uso ukambadilika. Akasema kiangazi cha Murghab ni kifupi, maziwa yakikosa kutengwa yanachacha, bila malai hakuna siagi, na siagi ndiyo inayobadilishwa na unga wa kulia baridi nzima. Mashine ya Aizirek ilikuwa imevunjika. Kila jioni alipiga simu, na kila jioni alikuwa amemwaga maziwa. "Analia," akasema mama. "Mtoto wangu ana watoto watatu na anamwaga maziwa chini. Nyie hamna watoto?"

Tulikuwa nao. Lakini kanuni ni kanuni. Nikammiminia chai, nikamjazia kikombe mpaka mdomoni. Kwetu mgeni anayetakiwa hupewa nusu kikombe, ili aongezewe na kuongezewa. Kikombe kilichojaa maana yake kunywa uende zako. Anarkul eje akakinywa chote, akafuta midomo, akakisogeza mbele yangu.

"Ongeza."

Sijawahi kukutana na mkosaji sugu kama yule.

"Kama kosa ni kuzunguka," akasema, "mbona mashine za kufulia mnaziachia? Mimi ninayo nyumbani. Nayo si inazunguka?"

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo Sadyrbek Kemelovich alipopata wazo. Wiki ileile tulikuwa tunamtarajia mkaguzi kutoka kwa wenye vikwazo wenyewe, Bwana Verhagen, na hatukuwa na cha kumwonyesha zaidi ya zulia jipya la ukumbini.

"Ilete!" akasema, macho yakimng'aa. "Ilete hiyo ya kufulia, na hii pia. Tutaziweka pamoja mbele ya mgeni. Aone jinsi Idara inavyotofautisha mzunguko salama na mzunguko hatari!"

"Na nikileta nitapata kibali?"

"Utapata nafasi ya kusikilizwa."

Siku ilipofika tulimvika Bwana Verhagen joho la heshima na kofia yetu nyeupe ya sufu, ikamshuka mpaka puani. Alikuwa mrefu, mkimya, anaongea Kirusi cha vitabuni. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Anarkul eje akiwa na mashine yake ya malai na ndoo ya maziwa, na nyuma yake jirani yake aliyempa lifti, akihema na boksi kubwa mgongoni. Nikamtazama vizuri. Ebo! Alikuwa Jolchu, kaka wa mke wangu.

"Aa, shemeji!" akasema kwa furaha.

Nikalitazama boksi. Halikuwa limefunguliwa. Pembeni lilikuwa na mbonyeo pale lilipojigonga kwenye ngazi za kwetu, na utepe wa kijani aliokuwa ameufunga mke wangu kwa mikono yake.

Ngoja niwaeleze jambo moja kuhusu zawadi zetu. Harusi, nyumba mpya, tohara, kila sherehe kwetu ina zawadi, na zawadi nzuri haifunguliwi. Ukiifungua umeiua. Unaiweka pembeni mpaka na wewe ualikwe, kisha unaipeleka kwingine, na utepe mpya ukipenda. Kuna majoho nchi hii yameshahudhuria harusi nyingi kuliko mashehe na hayajawahi kuvaliwa. Kila mtu anajua, na hakuna anayethubutu kusema, hasa mbele ya aliyempa. Boksi lile nilipewa na Sadyrbek Kemelovich mwenyewe nilipohamia nyumba mpya. Nikampa Jolchu alipofanya sherehe ya mwanawe. Kumbe Jolchu naye akampa jirani.

Ningeweza kuizuia shughuli. Ningesema tu, "Mkurugenzi, tusifungue." Angeuliza kwa nini. Nikaangalia dari.

"Kweli mnaifungua?" Anarkul eje akauliza kwa masikitiko. "Nilikuwa nimemwekea mpwa wangu, anaoa majira ya vuli."

"Idara itakufidia kwa shukrani," akasema Mkurugenzi.

Jolchu akakata utepe. Mashine ikatoka, nyeupe, safi, ya kupendeza. Tukachomeka umeme. Kimya.

"Imechoka na safari," akasema Sadyrbek Kemelovich.

Bwana Verhagen akainua kofia kutoka puani, akainama, akafungua kile kimlango cha duara. Ndani hapakuwa na pipa la kufulia. Palikuwa na vibao vya saketi, vimepangwa kwenye sponji kama mayai kwenye trei. Akachomoa kimoja, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaivua kofia kabisa.

"Hivi," akasema, "ni vya kuongozea vitu vinavyoruka."

"Nguo zikianikwa huruka," Mkurugenzi akamweleza kwa upole. "Hasa siku za upepo."

Mgeni hakucheka. Akamuuliza Anarkul eje ameipata wapi.

"Nimepewa na huyu," akasema, akimwonyesha Jolchu. "Nilipomwoza binti yangu mdogo."

"Na wewe?"

"Na shemeji yangu yule pale," akasema Jolchu. "Msomi. Hawezi kunipa kitu kibaya."

Macho yote yakanigeukia. Nilimtazama Sadyrbek Kemelovich, naye akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa. Bado alikuwa na nafasi ya kuokoka. Angenyamaza tu! Hakuna aliyekuwa anajua zaidi ya mimi, na mimi ningekufa na siri yangu, nawaapia. Lakini damu ilikuwa imempanda.

"Myktybek!" akafoka. "Ile ilikuwa zawadi yangu! Nimekukabidhi kwa mikono yangu miwili, mbele ya mama yako! Ukaenda kuigawa kama peremende?"

"Samahani, Sadyrbek Kemelovich."

"Ulisema unafulia! Nilikuuliza Mwaka Mpya, ukasema inafua vizuri sana!"

"Nilisema hivyo kwa heshima."

"Kwa hiyo ni yako," akasema Bwana Verhagen.

"Ya kwangu kabisa!" Mkurugenzi akajipiga kifua. "Nimepewa na Chynybai mwenyewe kwenye harusi ya binti yangu! Aliishusha kutoka kwenye lori lake, lori lenye muhuri wangu, watu wote wakiona!"

Ndipo akajisikia. Mdomo ukabaki wazi. Maskini Chynybai, nadhani hakuwa na nia mbaya. Alitaka kutoa mashine ya kufulia, akachukua moja kwenye lori, na kwake hakukuwa na aina nyingine.

"Mmemaliza?" akauliza Anarkul eje. "Maziwa yangu yatachacha."

Akayamimina kwenye bakuli la mashine yake, akakunja mkono wa gauni, akazungusha mpini. Ikalia wiii, na kwenye mrija mmoja yakatoka maziwa mepesi, kwenye mwingine malai mazito ya manjano. Akapaka kwenye kipande cha mkate, akampa mgeni. Bwana Verhagen akala, akaomba kingine.

"Hii mashine ina shida gani?" akauliza.

Sote tukaanza kulikagua zulia jipya.

"Sikilizeni," akasema huku anajifuta ndevu. "Nataka kuona kitu kimoja tu kimefika kwa mtumiaji wa mwisho. Kimoja. Nionyesheni huyo mtu kwa picha, kitu kikiwa mkononi mwake."

Ombi lilitushtua. Katika maisha yote ya Idara hatujawahi kumwona mtumiaji wa mwisho hata kwa mbali. Ila tulikuwa na Aizirek, analia ng'ambo ya mpaka.

Sijui kama mmewahi kumwona mkurugenzi akimbembeleza mtu apokee kibali. Alimkalisha Anarkul eje kwenye kiti chake mwenyewe. Akammiminia chai kwa mkono wake, nusu kikombe.

"Eje, dada yangu, kibali hiki hapa. Bure. Chukua, tafadhali."

Mama akanywa taratibu. "Mwanangu amemwaga maziwa wiki nzima," akasema. "Mimi goti linaniuma. Mashine ni nzito. Utaibeba wewe."

"Mpaka kwenye gari?"

"Mpaka kwa Aizirek."

Basi tukasafiri, Jolchu akiendesha, mimi nikishika muhuri, mpaka kituo cha mpakani chini ya mlima wa Kyzyl-Art. Baridi ya huko hata kiangazi si mchezo. Sadyrbek Kemelovich aliibeba mashine kifuani, viatu vya mjini vikiteleza kwenye kokoto, na ng'ambo ya kizuizi tulimwona mwanamke mwenye kilemba chekundu akitupungia mikono yote miwili. Anarkul eje alipomwona alianza kulia waziwazi.

Askari akasoma kibali. Akaitazama mashine. Akatazama orodha iliyomfikia asubuhi ile kutoka makao makuu. Hapa napenda kuweka wazi kwamba Bwana Verhagen ni mchapakazi. Tukiwa bado njiani alikuwa ameshawasilisha taarifa yake, na Mkurugenzi wetu alikuwa mtumishi wa kwanza wa Idara kutambuliwa kimataifa.

"Mashine ipite," akasema askari. "Mama apite. Wewe mzee, jina lako limewekewa vikwazo."

"Mimi ni Mkurugenzi! Mimi ndiye niliyewaagiza mzuie!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana tunazuia vizuri. Huko unakwenda kwa nani?"

Sadyrbek Kemelovich hakuwa na mtu Murghab. Askari wawili wakaipokea mashine kifuani mwake, wakaipitisha chini ya kizuizi. Aizirek akaikumbatia kama mtoto aliyepotea, nikapiga picha. Mama na binti wakakaa chini palepale kwenye vumbi, wakaanza kuikagua mirija, wakicheka na kulia.

Mkurugenzi alibaki amesimama kwenye kizuizi, mikono bado imejikunja kana kwamba ameshika mzigo.

"Eje!" akaita kwa sauti ya kukwama. "Waambie hawa! Waambie ninakwenda na wewe! Sema kuna anayenihitaji huko!"

Anarkul eje akanyanyuka. Ni mwanamke wa haki, hakumjibu hivihivi. Akamgeukia binti yake, wakanong'ona. Akaenda kwa askari wa upande ule, akawauliza. Akamuuliza hata mchungaji aliyekuwa anapita na yaki wake. Kisha akarudi mpaka karibu na kizuizi, akaweka viganja kando ya mdomo ili upepo usiipoteze sauti.

"Sadyrbek Kemelovich, mwanangu! Nimeuliza wote! Hakuna!"