Raia Watazame

Inatangazwa kwa wote wa wilaya hii, kutoka Ruanda hadi Tunduma: kuanzia Jumatatu, ukali umefutwa. Kila jumbe atakuwa kiongozi wa kuvuta mioyo, kazini na nyumbani. Kiongozi atende, raia watazame. Asiyevuta mioyo atavuliwa ujumbe.

Tangazo hilo Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alilitunga mwenyewe kwa Kiswahili, bila mkalimani, na alijivunia mno. Jumbe Osea wa Nanyala aliwasomea watu wake huku jasho likimtoka. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, na Ijumaa Gavana angepita kwa motokaa. Cheo chake cha ujumbe alikipenda kuliko chakula, jamani.

Akashika sululu, akaanza kuchimba mtaro. Watu wa Nanyala, raia watiifu kabisa, wakaketi kwenye nyasi.

"Mbona mmekaa?"

"Tunatii amri, Jumbe," akasema mzee Sadoki. "Tunatazama."

"Kwani mioyo haijavutika?"

"Imevutika sana! Wangu umefika hapa." Akagusa koo. "Hebu chimba na pale."

Jioni Osea alijikokota nyumbani, mgongo haumtaki. Mkewe Ketrina alikuwa ameketi barazani, mikono mapajani.

"Chakula kiko wapi, mama Luka?"

"Si walisema kazini na nyumbani? Kuni zile pale, baba Luka. Mimi natazama."

Osea akasonga ugali, ukaungua. Ketrina akapiga makofi, akasema kwa kweli amevutiwa.

Alhamisi Bwana Shauri akafika, akamkuta jumbe peke yake mtaroni na kijiji kizima kwenye nyasi. Akaiva uso.

"Upuuzi gani huu? Kwa nini hawafanyi kazi?"

Osea akaegemea sululu. Nani wa kumwambia Mzungu Kiswahili chake kimemponza? Sadoki akainuka, akavua kofia.

"Tumeshika maneno yako, Bwana. Kama yana kosa, tuambie ulikosea wapi."

Bwana Shauri akainua kidevu. Kukosea hakukosea, alikuwa na cheti cha Kiswahili kutoka Dar es Salaam.

"Hakuna kosa."

"Afadhali. Sasa Jumbe naye, kiongozi wake nani?"

"Mimi, bila shaka!"

Osea alielewa kabla ya Bwana. Akatoka mtaroni, akafuta mpini kwa shati, akamkabidhi Bwana Shauri sululu kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akaenda kwenye nyasi.

"Nipishe hapo, mama Luka," akasema, "na mimi nivutike."