Bomba la Sokoni

Jumatatu, 3 Juni
Kura ya maoni ya chama ni Jumamosi. Miaka kumi nimekuwa diwani wao, na leo muuza nyanya kaniuliza kama nimehamia hapa juzi! Mimi, niliyeanza na mkokoteni wa kuazima! Shukrani ya punda mateke. Mpinzani wangu, Mwalimu Mstaafu, anaahidi maktaba. Mimi napiga hesabu: sokoni kuna kura mia tatu, bomba moja. Likikauka, watalia. Nikilifungua, watanibeba. Nimemtuma shemeji, fundi bomba, afunge koki kuu kimyakimya. Mtu wa nyumbani, mpole, hana tamaa ya siasa.

Jumatano, 5 Juni
Kukavu! Raha iliyoje! Mke wangu kalalamikia foleni ya ndoo. Nimemwambia avumilie kwa ajili ya taifa. Kauliza ni taifa gani linalonuka soksi namna hii. Nimepita sokoni na uso wa msiba, nikaahidi maji Ijumaa saa nne. Nimekodi spika. Nimenunua utepe.

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Shemeji kaifungua koki! Eti kamkuta muuza nyanya analia, na watu wana kiu. Kiu! Na mimi ninayekaribia kukaukiwa na kiti? Nikamuuliza kwa nini hakulitaja jina langu. Kasema hakupata nafasi. Walikuwa wameshambeba juujuu.

Ijumaa, 7 Juni
Spika imeshalipiwa, nikazindua hivyo hivyo. Nimekata utepe mbele ya bomba linalomwaga maji tangu jana. Muuza nyanya akapaza sauti, akauliza kama kesho nitazindua jua. Mwalimu Mstaafu alicheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka. Faraja yangu pekee.

Jumamosi, 8 Juni
Wamempendekeza shemeji palepale ukumbini! Kapata mia mbili themanini na tisa. Mwalimu, arobaini. Mimi, moja. Moja, na niliipiga mwenyewe! Mke wangu kasema damu nzito kuliko maji, na maji nayo kayaleta kaka yake. Nimshtaki? Watauliza nani alimtuma kuyafunga.

Jumapili, 9 Juni
Sijafa. Mwezi ujao wanachagua mwenyekiti wa soko. Nimechunguza: soko zima linategemea swichi moja ya umeme. Nimemwita mume wa dada yangu, fundi umeme. Mtu wa nyumbani, mpole, hana tamaa ya siasa.