Punje Tatu za Shimo la Pili

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji kapata tena! Tunachimba naye makazi ya watu wa kale. Yeye shimo la kwanza, mimi la pili, hatua sita katikati. Leo kapitisha brashi yake mara mbili tu, likaibuka jiwe la kusagia. Profesa kapiga magoti, nusura alie. Alisema chini ya tabaka la udongo lenye jiwe hilo kuna mifupa ya swala na mawe ya kuchunia ngozi tu. Hapo ndipo watu walipoacha kuhangaika na windo, wakatulia, wakalima. Maisha yote yakageuka, na yakageukia kwenye shimo la shemeji! Mimi nimepata mizizi. Ijumaa Profesa anateua msimamizi wa wachimbaji. Wivu unanitafuna, wala siuonei haya.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu kaulizia jiwe la kaka yake mara nne. Shimo langu hakuliulizia.
Lakini nimepata akili. Jiwe bila nafaka ni jiwe tu! Nimeunguza punje tatu kikaangoni hadi zikawa mkaa. Mke akalalamika kwamba nyumba nzima inanuka. Nikamjibu kwamba huo ni utaalamu.

Jumatano, 5 Juni
Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikazifukia kwenye tabaka lile lile la jiwe. Waliporudi nikazifukua na kupiga yowe. Profesa akaja mbio, akazitia kwenye kifuko, akaandika namba ya shimo, kina na jina langu. Jina langu! Shemeji akanipa mkono wa pongezi. Nilimpa vidole viwili.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Profesa kaniita mbele ya wote, akauliza kwa upole kama najua nimevumbua nini. Nikasema nafaka ya wakulima wa kwanza, miaka elfu tatu. Akasema ni mahindi, na mahindi yalivuka bahari kuja huku juzi juzi tu, hata miaka mia sita hayajafikisha. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Shemeji hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kateuliwa yeye. Neno lake la kwanza kama msimamizi lilikuwa kuniombea nisifukuzwe. Nitaosha vigae vya vyungu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeosha vigae mia na arobaini huku nikijitafakari. Nimekosea, nakubali kiume. Kosa lilikuwa mahindi. Jumatatu naanza upya. Mke nimeshamtuma karanga, ingawa anadai nazo zilivuka bahari pamoja na mahindi.