Ombi la Kuchomea Kichwa cha Draiva Kisigeuke Tena

Bunia, mtaa wa Mudzipela, Jumapili tarehe 13 Mei 2012
Barua namba 07, imeingizwa katika kitabu cha barua zinazotoka

Kwa Maman Alphonsine,
Prezida wa Klabu ya Golfu ya Kuvuka Barabara

Maman Prezida mheshimiwa,

Anayekuandikia ni Katibu wako, Evariste, ambaye ulimfundisha darasa la nne, na ambaye mpaka leo akikuona barabarani huficha mikono kwa kuogopa kukaguliwa kucha. Nakuandikia kwa heshima yote na kwa hasira yote. Nimejitahidi kuzipanga vizuri, heshima mwanzoni na mwishoni, hasira katikati.

Historia unaijua, lakini kwa kuwa barua hii itabaki katika kabati la klabu, lazima niieleze. Miaka ya matatizo, sisi wa upande huu hatukuvuka barabara, na wa upande ule hawakuvuka kuja kwetu. Mambo yalipotulia kidogo, kila mtu akiwa bado analala na viatu karibu, alikuja yule injenia mgeni wa visima vya maji. Kwa kuwa Jumamosi hakuwa na kazi, alitukusanya kutoka pande zote mbili katika malisho ya ng'ombe wako, akachimba mashimo matano, akatufundisha golfu. Alipoondoka alituachia fimbo tano, mipira tisa, na draiva.

Draiva ni ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, yenye kichwa kikubwa kama papai dogo. Hii yetu si ya kawaida. Kichwa chake kimefungwa kwa visi, ile skrubu ya chuma, na visi ina ufunguo wake maalumu. Ukigeuza ufunguo, kichwa kinabadilika, na mpira unakwenda kushoto, kuume au juu, kama mwenyewe anavyotaka. Injenia alitueleza hayo yote mchana mmoja kwa lugha yake na kwa mikono, na sisi tuliitikia kwa vichwa.

Alipoondoka tulifanya mkutano wa siku mbili juu ya nani ataiweka. Wewe mwenyewe ndiye uliyeamua, na ulipigiwa makofi: draiva italala kwangu, upande huu, na ufunguo utalala kwa Nicolas, upande ule. Hivyo hakuna atakayeweza kucheza bila mwenziwe. Tangu hapo, kila Jumamosi saa mbili asubuhi, Nicolas alivuka barabara na ufunguo umefungwa katika leso, akanywa chai kwangu, kisha tukashuka pamoja uwanjani. Pale hugeuza ufunguo nao hulia. Tak moja, mpira unakwenda kushoto. Mbili, kuume. Tatu, juu. Tumeishi hivyo miaka miwili.

Sasa naleta malalamiko yangu, kwa namba.

1. Juu ya kidole. Jumamosi tarehe 21 Aprili nilitaka kupiga kushoto, kwenye bendera ya kwanza. Nilimwonyesha Nicolas kidole kimoja, maana yake tak moja. Yeye akapiga tak mbili. Nilipomuuliza alijibu, akiniita kaka mkubwa kama kawaida yake: «Yaya, ulionyesha vidole mbili, nikapiga mbili.» Maman, kidole changu cha kati hakikunjiki tangu tulipokuwa tunakimbia mwaka ule nikaanguka nacho. Nicolas anakijua kidole hicho. Amekiona kikishika kikombe cha chai mara zaidi ya mia. Alipaswa kukitoa katika hesabu.

2. Juu ya shule. Mpira ulikwenda kuume. Ulivuka mikaratusi, ukavuka choo cha walimu, ukagonga ile jante, chuma cha gurudumu la lori, inayoning'inia mbele ya shule ya msingi kama kengele. Wala haikulia kidogo tu. Ililia sauti ile ya kwenda nyumbani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na darasa la sita lilikuwa katikati ya mtihani wa hesabu, lakini mtoto akisikia jante haulizi saa. Watoto mia nne na ishirini walitoka mbio kwa milango na kwa madirisha. Direkta wa shule aliniita akaniambia: «Bwana Katibu, ile jante haiko kengele ya kila mutu.» Nilimjibu kwamba hata mimi sikuiomba.

3. Juu ya mji mzima. Wewe unaujua mji wetu. Mtoto mmoja akikimbia, ana njaa. Watoto mia nne wakikimbia, mama zao hawangoji maelezo. Sokoni mtu mmoja alipiga kelele, «Imeanza tena!» na hakuna aliyemuuliza nini. Maman Angèle wa maandazi alipita na unga umemganda mpaka kwenye viwiko. Kabla ya saa nne nilikwisha kuhesabu matela kumi na nne, magodoro ya kulalia, zikipita juu ya vichwa vya wanaokimbilia parokia. Ya kumi na tano ilikuwa yetu. Nilikutana na matela yangu barabarani kabla sijamwona mke wangu chini yake. Saa sita shemeji alipiga simu kutoka Boga kuuliza kama bado niko hai. Binamu yangu, anayelinda okapi kule Epulu, alitaka kujua ni upande gani umeshambulia. Ilibidi nimjibu kwamba ni golfu.

3 bis. Chifu wa mtaa alipofika parokiani, ambako mimi na Nicolas tulikuwa tumewafuata watu, aliuliza, «Nani ameanzisha hii?» Watu wote waliitazama fimbo iliyokuwa mkononi mwangu. Ndipo nikanyoosha mkono kumwelekea Nicolas, nikasema kwa sauti, mbele ya watu wa pande zote mbili za barabara: ni yeye. Watu walinyamaza kabisa, hata wale waliokuwa bado wanalia. Nilidhani wamenielewa. Nicolas alifunga ufunguo katika leso yake, akavuka barabara akaenda.

4. (Namba hii imefutwa na mke wangu Denise, aliyesoma barua nikiwa bafuni. Alisema: «Weye Evariste, ondosha hii. Muke ya Nicolas niko namuona kila siku ku soko. Nitamuangalia na macho gani?» Nimeiondoa, lakini namba nimeiacha ili kumbukumbu za klabu ziwe kamili.)

5. Juu ya draiva yenyewe. Nisije nikaonekana napendelea, naanza na mazuri ya fimbo inayogeuka. Upepo ukishuka milimani unaweza kupunguza kimo cha mpira. Mtu mfupi na mtu mrefu wanaweza kutumia fimbo moja bila kugombana. Inasemekana pia kichwa kinaweza kutoka kabisa, na hilo lingetusaidia kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, ambapo fimbo ndefu iliyofungwa katika gunia haimfurahishi askari yeyote. Hatujawahi kujaribu, kwa sababu Nicolas anauogopa ufunguo ule. Huugeuza upande mmoja tu, polepole, huku amefumba jicho moja.

Mabaya sasa. Kwanza, ni nzito. Pili, inapoteza muda: Nicolas anageuza, tunasikiliza, tunabishana kama ilikuwa tak moja au mbili, na ng'ombe wako wanafika shimoni kabla yetu. Tatu, na hili ndilo kubwa, fimbo isiyogeuka haina maneno. Mpira ukipotea, kosa ni la aliyepiga, anajua, anakwenda kuutafuta. Lakini fimbo inayogeuka inalipatia kosa mahali pa kujificha. Mwenye kupiga anamtazama mwenye ufunguo, mwenye ufunguo anatazama kidole, na wakati huo shule imekwisha kutoka.

6. Ukifikiri vizuri, Maman, utaona hatari haiko kwenye golfu tu. Tak moja ya ziada imehamisha matela kumi na tano. Je, tak tatu zingefanya nini? Nimepiga hesabu, nimeona kwamba tak sita zinatosha kuhamisha jimbo lote, na ng'ombe wako wakiwemo.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu komite iamue hivi:

a) Kichwa cha draiva kichomewe kwa moto na Guelord, fundi wa vyuma wa hapa kwetu, kisigeuke tena milele. Kichomewe kikiwa kimeelekea kushoto kidogo, kwa sababu ambayo haihusiani na jinsi mipira yangu inavyokwenda.

b) Ufunguo utupwe katika mto Shari mbele ya mashahidi wawili wa kila upande.

c) Sauti ya tak ipigwe marufuku Mudzipela yote. Hii itagusa cherehani ya Denise, saa ya ukutani ya parokia, na kisu cha kila mama anayekatakata majani ya sombe, kisamvu. Itagusa pia mashine ya klabu ninayotumia kuandikia, na ndiyo maana kuanzia mstari huu naendelea kwa kalamu.

d) Nicolas aamriwe kwa barua kuja kujieleza nyumbani kwangu, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Ili asisumbuke bure, apewe chai. Jumamosi tatu zimepita bila yeye kuvuka barabara. Denise bado anaweka vikombe vitatu mezani na mimi ndiye ninayekirudisha cha tatu kabatini, kazi ambayo haimo katika majukumu ya Katibu.

Nikiamini kwamba mkono uleule uliokuwa ukisahihisha madaftari yetu kwa wino mwekundu utaona haki iliyomo katika barua hii na kusamehe makosa yake ya maandishi, nabaki mtumishi wako. Nisalimie Papa wa nyumbani na mgongo wake, wajukuu wote, mchungaji wa ng'ombe, ng'ombe wenyewe, hasa yule mwenye pembe moja aliyemeza mpira wa saba, Direkta wa shule akiwa amepoa, na jirani zako wa kuume na wa kushoto. Denise anakusalimia pia, ingawa amesema hahusiki na namba yoyote.

Evariste, Katibu
(mhuri wa klabu)

Nakala: Chifu wa mtaa, Direkta wa shule, Nicolas, upande wa pili.

Nyongeza, Jumanne tarehe 15 Mei.

Maman, barua iliyokwisha kupigwa mhuri na kupewa namba haichanwi. Sheria hiyo niliitunga mimi mwenyewe mwaka jana, na leo naijutia. Basi inakujia kama ilivyo, nami nakuomba usome nyongeza hii kwanza. Najua umekwisha kuchelewa.

Jana, ili kurahisisha kazi ya komite, niliipeleka draiva kwa Guelord apime mahali pa kuchomea. Alitaka kwanza kufungua visi. Alijaribu kwa koleo, kisha kwa mafuta ya breki, kisha kwa nyundo. Mwisho alikaa chini akanitazama jinsi wewe ulivyokuwa ukinitazama siku ya hesabu. Akasema: «Muzee, hii visi haiyageuka hata siku moja tangu ifike Bunia. Iko na kutu ya zamani. Imeshikana na kichwa kabisa.»

Nikamwambia haiwezekani, maana tak zote tulizisikia kwa masikio yetu. Guelord akachukua ufunguo wake mkubwa wa kukazia nati za moteri, akaushika kwenye nati iliyokwisha kukazwa, akavuta. Ufunguo ukalia tak. Akavuta tena, tak. Nati haikusogea hata kidogo. «Ni ufunguo njo inalia,» akasema. «Inakuambia: acha, imefika mwisho.»

Kwa hiyo miaka miwili, Maman, Nicolas hakugeuza kitu. Moja, mbili, tatu, fimbo ilikuwa ileile. Mpira uliogonga jante ulikuwa wangu. Niliupiga mimi, kwa mikono yangu, na kidole hakikuhusika. Na matela zote kumi na tano ni zangu.

Nimekaa usiku kucha nikiwaza. Nafuta a, b na c. Nikiichomea draiva ile, ufunguo hautakuwa na kazi, na Nicolas hatakuwa na sababu ya kuvuka barabara. Nimeona haya sana kwa lile neno nililolisema parokiani, na sijui litarudishwa namna gani kwa barua. Nakala yake usimpelekee. Leo nitavuka mwenyewe nikamwambie mbele ya watu wa upande wake kwamba mpira ulikuwa wangu.

Habari ya kutu sitamwambia bado. Nitamwomba tu aje Jumamosi na ufunguo wake, kama zamani. Akiuliza tak ngapi, nitamwambia apige anavyoona yeye.