Winchi na Mfuko wa Kanzu

Jamani, leo nimepatikana. Tena mchana kweupe, mbele ya wapangaji wote.

Wengi mnamjua Winchi, mbwa wa marehemu kaka yangu Daudi. Daudi alikuwa anafanya kazi bandarini, jina akalitoa hukohuko, kwenye mashine za kunyanyulia mizigo. Alipofariki mwezi wa nne, ndugu waligawana vyombo vyake mpaka ndoo. Mbwa hakuna aliyemtaka. Nikamchukua mimi, nikamleta hapa Magomeni ninapopanga chumba. (Kabati sina, lakini mbwa ninaye.)

Ugonjwa wa Winchi ni upendo. Kila anayeingia uani lazima amrukie kumsalimia. Sasa mwenye nyumba wangu, Mzee Issa, ni mtu wa swala tano. Ulimi wa mbwa au pua yake yenye majimaji ikimgusa, hana budi kujiosha mara saba, na mara moja iwe kwa udongo. Amenivumilia miezi yote hiyo. Jumapili akaniita.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na kiumbe cha Mungu. Ila Ijumaa nikipita hapa kwenda msikitini akinirukia, mtafutie pa kukaa."

"Hatakurukia, Mzee. Nitamfundisha."

"Mbwa?"

"Mzee, mimi nafundisha kidato cha pili. Mbwa atanishinda nini?" (Kauli hiyo naomba muisahau.)

Shule zimefungwa, muda ninao. Nikatafuta korosho za vipande, zile zinazovunjika wakati wa kubangua, nikajaza mfuko wa suruali. Nasema "Kaa!" Akikaa, naingiza mkono mfukoni, natoa kipande, nampa. Asubuhi, mchana, jioni. Kufika Jumatano alikuwa anakaa kama mgeni aliyeahidiwa pilau. Nikajikuta nacheka peke yangu uani, mara ya kwanza tangu tumzike Daudi. Nilitamani angeona.

Ikafika leo. Saa sita u nusu Mzee Issa akatoka, kanzu nyeupe, kofia, mafuta mazuri. Mkewe, Bi Somoe, kasimama mlangoni. Wapangaji wamejipanga barazani utadhani kuna mpira.

"Kaa!"

Winchi akakaa. Mzee akapiga hatua, akapiga ya pili. Winchi kimya, masikio tu yanacheza. Mzee akafika mbele yake kabisa, akasimama.

"Ah! Kumbe wewe mwalimu kweli!"

Nikavimba kichwa. (Nilishaanza kuwatazama wapangaji mmoja mmoja.) Mzee, kwa furaha zake, akaingiza mkono mfukoni kutoa tasbihi.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nasomesha wiki nzima. Winchi hajali "kaa". Anachojua ni kwamba mkono ukiingia mfukoni, unatoka na korosho. Aliruka! Pua yote ikazama ndani ya mfuko wa kanzu, pamoja na mkono wa Mzee, akaulamba mpaka karibu na kiwiko.

"Kaa! Kaa!" nikafoka kwa sauti ya darasani.

Aliyekaa ni Mzee Issa. Chini, mchangani. Winchi naye akakaa pembeni yake, mgongo wima, anamtazama usoni, anasubiri kipande kingine.

"Yalaa!" Bi Somoe akapiga kelele. "Na kanzu safi ndiyo hiyo moja, nyingine nimeloweka!"

Basi nikawa mimi wa kushika jagi. Namimina, Mzee anajisugua, na mpangaji wa chumba cha mwisho anahesabu kwa sauti: "Ya udongo tayari! Mbili! Tatu!" Watu barazani wanaitikia. Tulipofika ya tano tukasikia kwenye spika za msikiti kwamba hotuba imeanza. Mzee akasikiliza, mikono ameinyoosha mbele, maji yanachuruzika. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Nisamehe, Mzee. Huyu mbwa kichwa kigumu."

"Usimsingizie, Mwalimu. Kafanya ulichomfundisha."

Akaswali adhuhuri chumbani kwake, amevaa shuka. Nami nikampigia simu mwalimu mwenzangu mwenye shamba kule Naliendele, nje ya mji. Kesho asubuhi anakuja kumchukua Winchi. Shamba lenyewe la mikorosho! (Mmoja wetu atafurahi.)

Nimeshafunga sahani yake na buti la Daudi la kazini, ndilo analolalia. Nikachuchumaa nimuage. Machozi yakaja, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso. Winchi akakaa chini hapohapo, wima, mkia unafagia sakafu.

Anayetaka kucheka anisubiri hadi kesho kutwa. Leo mfukoni mna leso tu, na hata Winchi hajanielewa, bado anangoja korosho.