Pazia la Kijani na Uso wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la watu wengi wanaochapa picha nyumbani ni kuilaumu printa. Printa haina kosa. Unatakiwa kuishika picha kando ya skrini, ulinganishe kwa utulivu, urekebishe rangi kidogo kidogo. Nilimweleza hayo mke wangu wakati wa chai. Akaniambia chai inapoa.

Jambo lenyewe ni zito. Jumapili mama mkwe anatimiza miaka themanini, anakuja kula kwetu, na picha yake ya gauni jeupe lazima iwe ukutani. Mke wangu alitaka kumpa kazi Flashi, mpiga picha wa mtaa wa nyuma. Nimekataa. Mama mkwe hajaniamini tangu nilipomtengenezea redio. Hii ndiyo nafasi yangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimefunga pazia la chumba changu, lile la kijani, jua lisije likanipotosha. Chapa ya kwanza: mama mkwe kijani kama abiria aliyetapika. Sikutaharuki. Nikaongeza wekundu. Nikaongeza tena. Karatasi ya kumi na moja: gauni jeupe, uso wake mwenyewe. Subira.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeipeleka sebuleni. Gauni la waridi, mama mkwe mwekundu kama katoka kugombana. Mke wangu akauliza mama yake kakosewa nini. Nikairudisha chumbani: gauni jeupe. Sebuleni: waridi. Nimetembea hivyo mara tisa.

Flashi alipita kutujulia hali, yaani kuchungulia. Akasema, mzee wangu, fungua pazia uchape upya, ni dakika kumi tu. Nikamjulisha kwamba nilikuwa nafundisha fizikia kabla hajazaliwa. Mke wangu akasema basi nina mpaka kesho jioni, baada ya hapo kazi ni ya Flashi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimelipata. Picha haina kosa. Sebule ndiyo yenye kosa. Nimehamisha pazia.

Jumapili, 9 Machi
Gauni ukutani jeupe pee. Wageni, kwa bahati mbaya, kijani. Shemeji alisukuma sahani, akidai wali umeota ukungu.

Mama mkwe aliikagua picha, akatukagua na sisi. Akasema humu ndani mzima ni yeye wa ukutani peke yake, sisi wengine twende tukapimwe. Kisha akanishika mkono. Mwanangu, akasema, hii nakwenda nayo kwangu.

Miaka thelathini na minne, hajawahi kuniita mwanangu.

Kwake mapazia ni meupe. Flashi angesema nichape upya; ndiyo maana Flashi hatafika mbali. Sasa hivi wanaifunga picha kwa gazeti, na gari lao bado liko mlangoni. Kazi ya leo ni moja: chukua futi, panda nao, kapime dirisha la mama mkwe.